Mashine ya watu wote

Mwaka 2015 pale Buyenzi, wengi wetu hatukuwa na kompyuta. Tulienda saiba, tunalipa dakika zetu, tunasoma barua pepe, tunaondoka. Mwisho wa Aprili, maandamano yalipoanza, WhatsApp na Facebook zikafungwa kwenye simu. Mei, redio kama RPA na Bonesha zikashambuliwa, zikanyamaza.

Siku hizo nilikaa kwenye mashine moja nikakuta barua pepe ya mtu iko wazi. Jina lake, ndugu zake, wote. Nikabofya Déconnexion, mkono unatetemeka. Kwetu jina kwenye orodha si mchezo: mwaka 1972 watu waliitwa kwa orodha, wengine darasani, na hawakurudi.

Kilichouacha ule mlango wazi ni kidakuzi. Lou Montulli wa Netscape alikibuni mwaka 1994, ili duka la intaneti likumbuke mteja ametia nini kikapuni. Kumbukumbu yenyewe ikakaa kwenye kompyuta ya mteja. Sawa, kama kompyuta ni yako. Yetu ilikuwa ya watu wote.

Hapa kambini tunapokezana simu moja watu watano. Basi ndugu yangu, fungua dirisha la faragha, na usikubali simu ihifadhi neno la siri. Ukisahau, ingia mipangilio ya kivinjari ufute vidakuzi na historia. Wenzako watalalamika kwamba nao wametolewa. Waambie pole, kisha waeleze kwa nini.