Bendera Mlangoni: Historia ya Mitaa ya Ukahaba na Hukumu Yake

Katika miji ya mpakani na ya machimbo, kama Sirari na Nyamongo wilayani Tarime, hoja hii haikosi msemaji: madhali ukahaba haukomeki, wahusika watengewe mtaa wao, waandikishwe, wapimwe, na ushuru ukusanywe. Imamu akiulizwa hujibu kwa neno moja, haramu, na amesema kweli. Lakini mwenye hoja haulizi hukumu, anadai kuwa utaratibu huo hupunguza madhara. Hilo ni dai la historia, na historia yake ipo.

Bibi Aisha (r.a.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari kuhusu ndoa za zama za ujahilia, ameeleza kuwa makahaba walikuwa wakisimika bendera milangoni ziwe alama kwa anayewataka. Kwa hiyo mtaa unaojulikana kwa alama yake si uzushi wa Wazungu. Huko Madina, Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki, alikuwa akiwalazimisha wajakazi wake, Musayka na Umayma, ili apate pato. Walimshitakia Mtume (rehema na amani zimshukie), ikashuka aya ya 33 ya Suratun-Nur. Tazama, ndugu msomaji, makemeo yalielekezwa kwa nani: kwa anayewatuma. Waliolazimishwa walitajiwa msamaha.

Waingereza walipotawala India walileta sheria ya mwaka 1868 ya kuwaandikisha makahaba na kuwapima kwa lazima. Aliyekutwa na maradhi alifungiwa hospitali. Wanaume waliowaendea hawakuguswa, kwani shabaha ilikuwa afya ya askari. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1888 baada ya kelele nyingi. Jakarta, mji mkuu wa nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote, nayo ilijaribu: katika miaka ya 1970 Gavana Ali Sadikin alitenga mtaa wa Kramat Tunggak. Wanawake walianza wakiwa kama 300, na kufikia mwaka 1999 mtaa ulipofungwa walikuwa zaidi ya 1,600. Leo pale pana msikiti na kituo cha Kiislamu.

Ama kisa kinachotugusa zaidi ni cha Nairobi. Mji ule ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Serikali ilitaka vibarua wanaume, ikawalipa ujira wa kapera na haikuwajengea nyumba za familia. Katika vijiji kama Pangani, na baadaye Pumwani iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanawake wakapangisha vyumba. Mwanahistoria Luise White, aliyewahoji wengi wao katika miaka ya 1970, aliwakuta wakijigawa wenyewe: watembezi waliozunguka njiani; malaya waliokaa ndani wakimngoja mgeni na kumpikia chai na chakula; na wazi-wazi, wengi wao kutoka Bukoba, waliokaa nje ya milango wakitaja bei. Hao wa mwisho walizidi katika miaka ya 1930, bei ya kahawa ilipoanguka na baba zao wakaelemewa. Serikali haikuwapa leseni wala haikuwafukuza kwa dhati, maana waliipunguzia gharama ya kuwatunza vibarua.

Na hapa pana jambo zito kwetu. Vijiji hivyo vilikuwa vya Waislamu, na wengi wa wanawake hao walisilimu. Waliokatwa na koo zao walipata ndugu wapya, na mtu wa kuwazika. Wengine walijenga nyumba kwa pato hilo na kuwarithisha wanawake wenzao. Je, mali ile ilikuwa na hukumu gani? Mtume amekataza pato la kahaba, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Mas'ud al-Ansari. Ibnul Qayyim, katika Zadul Ma'ad, ameeleza kuwa aliyetubu hamrudishii pato lile aliyemlipa, asije mwanamume yule akapata starehe na fedha pia. Bali hulitoa sadaka, na akiwa muhitaji huchukua kadiri ya haja yake. Naona maimamu wetu hulitaja katazo na kuusahau mlango huu, na mwenye kutaka kutubu huondoka akidhani hana pa kushika.

Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu humtia hatiani anayeishi kwa mapato ya ukahaba na anayeendesha danguro. Hata hivyo kahaba wa njiani ndiye aliye rahisi kukamatwa. Mwenye nyumba hukusanya kodi yake mwisho wa mwezi, pengine akiwa safu ya mbele msikitini. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, ijara ya manufaa ya haramu haisihi, na kodi hiyo si halali yake.