Bia Inayongoja

Ndugu msomaji, nianze na kosa langu mwenyewe. Historia nitakayoisimulia hapa sikuipata maktaba. Niliipata stoo kwa watu, nikiwa na brashi mkononi na mikono imebabuka kwa dawa ya kuoshea vyombo.

Mwaka 2014 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, mfukoni sina hata nauli ya kurudi kwetu Rombo. Rafiki yangu akanitafutia kibarua Masaki, Dar es Salaam, kwa mhandisi mmoja Mmarekani. Kazi yenyewe bustani, gari na mbwa. Wiki ya pili akaniita stoo. Nikakuta friji limetobolewa mlangoni, limewekwa bomba kama la baa. Pembeni mtungi wa gesi, na mapipa manne membamba ya chuma kisichoshika kutu. Yule bwana alikuwa anapika bia.

Nilicheka, nikajizuia. Kwa akili yangu mpika pombe alikuwa mwanamke, tena mwenye pipa jeusi kwa masizi na macho mekundu kwa moshi. Alikuwa Bibi. Mbege ya Bibi ndiyo iliyoninunulia madaftari. Na ndiyo iliyomfikisha mbele ya mtendaji mwaka 2003, nikiwa darasa la tatu, wakati mgambo walipomkuta anauza bila leseni. Walimwaga pombe yote pale uani, mbele ya wateja. Faini ikala mbuzi wawili. Muhula ule nilienda shule na sare ya binamu yangu, kaptula inanivuka magoti.

Sasa huku Masaki mtu mzima na digrii zake anapika pombe nyumbani, na kazi hiyo inaitwa hobi!

Nikafundishwa kuosha mapipa. Kila moja linachukua lita 19 hivi, na kumbe kwa asili si mapipa ya bia. Yalitengenezwa kwa ajili ya soda. Migahawa ya Marekani ilikuwa inaletewa sharubati ya soda humo, halafu makampuni yakahamia kwenye mifuko inayokaa ndani ya maboksi. Mapipa yakazagaa, yakauzwa kwa bei ya kutupa, wapikaji wa majumbani wakayachukua.

Kuosha kwenyewe kuna utaratibu, usidhani ni kusuuza tu. Kwanza unatoa gesi yote. Ukisahau hilo, kifuniko kinaweza kukurukia usoni. Halafu unafungua kwa spana vichwa viwili vya juu, cha gesi na cha bia. Chini ya kila kichwa kuna vali ndogo yenye springi, na chini ya vali kuna mrija. Wa gesi mfupi, wa bia unafika mpaka chini ya pipa. Unavua mipira mitano: mmoja mkubwa wa kifuniko, miwili ya vichwa, miwili ya mirija. Unaloweka, unasugua, unasuuza, kisha unatia dawa ya kuua vijidudu. Ukishafunga tena, unaingiza gesi na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu yanavimba, ujue inavuja, rudia. Mwisho unaingiza gesi na kuitoa, mara tatu au nne, ili hewa yote iliyobaki ndani iondoke, kwa sababu hewa ndiyo inayoua harufu ya hopsi.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, unaopenda nchi zenye siku ndefu za kiangazi. Huku kwetu karibu na ikweta siku hazirefuki kiasi hicho. Bosi alikuwa nayo imekaushwa na kushindiliwa vipande vidogo kama chakula cha kuku, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa. Ukifungua mfuko unapata harufu ya balungi na majani yaliyokatwa sasa hivi. Nyingine aliitia wakati bia inachemka, ilete uchungu. Nyingine aliitia bia ikiwa imeshapoa na kuchacha, ilete harufu.

Basi siku moja, kwa uvivu, sikufungua vali. Nilisuuza juu juu, nikafunga. Pipa likajazwa bia mpya, likakaa. Baada ya wiki kadhaa Bosi akajaza glasi, akaonja, akatema. Akanipa na mimi ninuse.

Ndugu msomaji, ilinukia nyumbani. Ule uchachu, ule ukali unaopanda puani, ilikuwa harufu ya uani kwa Bibi asubuhi ya siku ya soko. Bosi akamwaga lita zote 19 kwenye nyasi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Imeharibika." Nikabaki nimesimama nalitazama povu likizama ardhini. Mara ya pili maishani naona pombe inamwagwa uani. Mara ya kwanza mgambo, mara ya pili mimi.

Neno lile "imeharibika" halikuniacha. Nikaanza kumuuliza maswali, naye alikuwa na vitabu. Nilichokikusanya ndicho hiki.

Uchachu ule huletwa na bakteria, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa. Uchungu wa hopsi, ukishachemshwa, unawazuia wengi wao wasizaliane. Hauwazuii wote, na hauwezi kukuokoa na vali chafu, lakini unaipa bia umri. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, alikwisha kuandika kwamba uchungu wa mmea huo hukifanya kinywaji kidumu. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria wakatoa amri kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi.

Uingereza kabla ya hapo walikunywa pombe ya kimea isiyo na hopsi. Ilikaa siku chache tu. Kwa hiyo ilipikwa kidogo kidogo, nyumba kwa nyumba, na wapikaji wengi walikuwa wanawake. Ikiiva, mama alichomeka mti nje ya nyumba, wapita njia wakajua. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Bibi alikuwa akifunga jani bichi la mgomba kwenye mti wa njia panda.

Kisha, kuanzia mwishoni mwa karne ya 14, bia ya hopsi ikaanza kuingia Uingereza kutoka nchi za chini, ng'ambo ya bahari. Hii iliweza kungoja. Na kitu kinachoweza kungoja kinaweza kupikwa kwingi, kuwekwa ghalani, kupakiwa kwenye meli, kuhesabiwa na kutozwa kodi. Ilihitaji vyombo vikubwa, kuni nyingi na mkopo, vitu ambavyo mwanamke wa zama zile, hasa mjane au asiyeolewa, hakuvipata kirahisi. Kufika mwaka 1600, upishi wa pombe katika miji mikubwa ya Uingereza ulikuwa umeshakuwa kazi ya wanaume. Hopsi haikuwafukuza wanawake peke yake, sheria na mtaji vilisaidiana nayo. Lakini hopsi ndiyo iliyofungua mlango.

Bia inayongoja ikasafiri. Mwishoni mwa karne ya 18 ilitoka London hadi India, miezi kadhaa baharini. Na kwetu ikafika. Mwaka 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo, ndiyo asili ya jina la bia yao, Tusker. Mnyama tembo namaanisha, siyo tembo ya mnazi, ingawa Kiswahili chetu hapo kinatabasamu. Mwaka 1933 kiwanda kikajengwa Dar es Salaam. Kule Kenya Mwafrika hakuruhusiwa kunywa bia hiyo ya chupa hadi mwaka 1947. Wakati huohuo halmashauri ya Nairobi, tangu miaka ya 1920, ilikuwa na ukumbi wake wa pombe Pumwani, ikiuza pombe ya kienyeji kwa Waafrika, na mwanamke aliyepika pombe ileile chumbani kwake alikamatwa. Kosa halikuwa pombe. Kosa lilikuwa nani anauza.

Usidhani wenzetu walikuwa huru siku zote. Uingereza, kuanzia 1880, aliyetaka kupika bia nyumbani alipaswa kuwa na leseni, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1963. Marekani walipiga marufuku vileo nchi nzima kuanzia 1920 hadi 1933. Marufuku ilipofutwa, mvinyo wa nyumbani ukaruhusiwa, bia ya nyumbani ikaachwa nje. Watu wakaendelea kupika kwa kificho. Ni tarehe 14 Oktoba 1978 ndipo Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoruhusu kila kaya kupika bia yake bila kodi: galoni 100 kwa mwaka kwa kaya yenye mtu mzima mmoja, galoni 200, yaani lita 757 hivi, ikiwa ni wawili au zaidi. Kuuza, hapana. Majimbo ya mwisho kuruhusu, Alabama na Mississippi, yalikubali mwaka 2013. Mwaka mmoja tu kabla sijaingia stoo ile.

Tazama sheria ile ilizaa nini. Mwaka 1972, huko Oregon, ilikuwa imetolewa hopsi mpya iitwayo Cascade, ile yenye harufu ya balungi. Kijana mmoja, Ken Grossman, alikuwa akipika nyumbani na akafungua duka la vifaa vya wapikaji wenzake katika mji wa Chico, California. Mwaka 1980 akaanza kiwanda, Sierra Nevada, na bia yake iliyojaa hopsi hiyo ikabadilisha ladha ya nchi nzima. Mvunja sheria wa jana akawa mwenye kiwanda wa kesho. Nikajiuliza, na ninakuuliza na wewe: Bibi naye angekuwa nani, kama wangemwachia lita 757?

Sisemi pombe ni maziwa. Mjomba wangu imemmaliza, na watoto wake tunawalea sisi. Wala sisemi mtu auze bila kujali usafi, maana nimeshakiri yangu. Ninalosema ni kwamba yule mama wa Rombo na yule mhandisi wa Masaki walikuwa na ujuzi mmoja, na mmoja wao aliitwa fundi, mwingine mhalifu.

Na ujuzi wa Bibi, nani ameuandika? Bosi alikuwa na daftari. Tarehe, joto, gramu za hopsi, dakika za kuchemsha. Bibi hana daftari, na sisi wajukuu tunaojua kalamu tunaandika mashairi ya mapenzi.

Matokeo yalipotoka nikaomba ruhusa, nikapanda basi. Mfukoni nilikuwa na kimfuko cha hopsi nilichopewa. Nilimkuta anaanika kimea cha ulezi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda."

Nikafungua daftari. Nikamwambia aseme, mimi niandike. Ndizi zinaachwa ziive kabisa, zinachemshwa saa nyingi mpaka rangi igeuke nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichache, zinachujwa. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Na ndani ya uji hutiwa gome la msesewe.

"La nini hilo gome, Bibi?"

"La uchungu. Bila msesewe si mbege, ni uji mtamu tu."

Nikaacha kuandika. Nikatoa hopsi, nikamweka kiganjani. Akanusa, akaiponda kidogo kwa meno yake machache, akatikisa kichwa kama anayetambua mtoto wa jirani.

"Hawa nao wana msesewe wao," akasema. "Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Kwamba inazuia uchachu, kwamba bia yenye hopsi, ikitiwa ndani ya pipa safi lisilo na hewa, inaweza kukaa mwezi mzima, hata zaidi, haijaharibika. Mbege yake ikipita siku mbili tatu watu wanakunja sura. Nilidhani atashangaa, au atanitaka nimletee mapipa mawili.

Bibi akageuza ulezi wake juani, polepole, kwa kiganja.

"Mwezi mzima!" akasema. "Sasa kama pombe yao inangoja, hao watu wanakutana lini?"

Swali hilo nimeliandika kwenye daftari vilevile alivyolisema, chini ya vipimo vya ulezi. Bado sijapata jibu lake.