Maktaba ya nyimbo kwa redio ya chuo: tuanze na daftari

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, akamrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean-Bosco. Sauti ile ingali inasikika na inajulikana ni ya nani, kwa kuwa Tracey aliandika pia jina, mahali, lugha na chombo. Kumbukumbu zake zinatunzwa hata sasa katika maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954.

Na kwaya zetu za Kolwezi na Fungurume? Nyimbo ziko kwenye kaseti na flashi, zimeandikwa “Wimbo 1” au “Kwaya ya mama”. Mwimbaji anapofariki, familia inakuja redioni kuomba sauti yake kwa ajili ya matanga. Tunatafuta, hatupati, ingawa wimbo tunao.

Kwa hiyo chuo kinachotaka maktaba ya nyimbo kisianze kwa kununua mashine. Kianze na daftari. Kila wimbo upewe namba, tuseme 00417, na faili iitwe kwa namba hiyo tu, maana kwaya kumi zaweza kuimba wimbo wenye jina moja. Mbele ya namba tuandike jina la wimbo, kwaya, parokia, mwimbishaji, mtunzi, lugha, tarehe na mahali pa kurekodi. Lugha iandikwe kwa namna moja siku zote. Mmoja akiandika Kiruund na mwingine Kilunda, kompyuta itahesabu lugha mbili, na nusu ya nyimbo haitaonekana. Tuongeze pia matumizi: Pasaka, mavuno, mazishi. Mtangazaji huuliza hilo kwanza.

Kuhusu sauti, dakika moja ya WAV huchukua karibu MB 10, ya MP3 ya kawaida karibu MB 1. Tuhifadhi asili kwa WAV au FLAC, MP3 iwe ya kurusha hewani. Nyimbo 1000 za dakika nne kwa WAV ni karibu GB 40, si mzigo. Nakala ziwe tatu, moja ikae mji mwingine.

Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu nasi, kobalti ya betri za dunia inatoka chini ya miguu yetu, na bado umeme unakatika katikati ya kipindi! Basi kompyuta iwe na betri ya akiba, na daftari linakiliwe kila jioni.

Programu za bure zipo, kama LibreTime na Rivendell, zitachaguliwa baadaye. Ruhusa haingoji: kiongozi wa kwaya atie sahihi kabla wimbo haujaingizwa, na haki za watunzi zifuatwe kupitia SOCODA. Kuimba kanisani si kutoa wimbo bure kwa kila mtu.

Kaseti za kwanza kuingizwa ziwe zile ambazo wazee waliozirekodi bado wako hai, wakae pembeni ya mwanafunzi na kumwambia ni nani anaimba.