Mgonjwa na Mila Yake: Somo kutoka kwa Wamaori

Mgonjwa anapolazwa hospitali huacha mengi mlangoni: nguo zake, ratiba yake, na mara nyingi hata kauli yake. Je, aziache na mila zake? Wauguzi wa Kimaori wa Nyuzilandi walilijibu swali hili, na historia yao inafaa tuijue.

Tarehe 6 Februari 1840 machifu wa Kimaori na mwakilishi wa Malkia wa Uingereza walianza kutia saini Mkataba wa Waitangi. Nakala ya Kimaori na ile ya Kiingereza zilitofautiana, na ardhi ikazidi kuwatoka wenyeji. Mwaka 1907 ikatungwa sheria ya kuwazuia waganga wao, waitwao tohunga. Tuwe waadilifu: Dk. Māui Pōmare, naye ni Mmaori, aliiunga mkono kwa kuwahofia matapeli. Lakini sheria hiyo, iliyodumu hadi 1962, iliutweza ujuzi wa umma mzima.

Ama ndani ya wodi, Wamaori hukitukuza kichwa. Mto wa kichwa hauwekwi miguuni. Maiti haachwi peke yake. Kondo la nyuma huzikwa, na neno lao whenua lina maana mbili: ardhi na kondo. Hospitali zilikuwa zikiliteketeza kama taka. Wanafunzi wa fikihi hawatashangazwa na uchungu huo, kwani mafakihi wetu nao wamezungumzia kuzika kilichotengana na mwili, na wanayo kanuni mashuhuri kwamba ada huzingatiwa katika hukumu.

Mwaka 1988, katika mkutano wa wauguzi wa Kimaori mjini Christchurch, mwanafunzi mmoja aliuliza: tunafundishwa usalama wa kisheria na wa kimaadili, je, usalama wa utamaduni wetu? Muuguzi Irihapeti Ramsden alilibeba swali hilo. Mwaka 1990 akatoa mwongozo, na 1992 Baraza la Wauguzi likauingiza katika mafunzo ya kila muuguzi. Upinzani ulikuwa mkali, hata 1995 kamati ya Bunge ikalichunguza somo hilo, lakini halikufutwa.

Wengi walidhani ni kuhifadhi orodha ya mila za watu. Sivyo. Ramsden alisisitiza mambo mawili. La kwanza, muuguzi ajichunguze nafsi yake: dharau aliyolelewa nayo na nguvu aliyonayo juu ya aliyelala kitandani. La pili, anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni mgonjwa, si muuguzi. Kusema "mimi nawatendea wote sawasawa" hakutoshi, ikiwa kipimo cha usawa huo ni mila ya mwenye nguvu peke yake.

Ramsden alifariki 2003, na kazi haijaisha. Mamlaka ya Afya ya Wamaori iliyoundwa 2022 ilivunjwa 2024. Na huko Kanada, mwaka 2020, Joyce Echaquan, mama wa watoto saba wa kabila la Atikamekw, alirekodi kwa simu matusi ya wahudumu muda mfupi kabla ya kufariki. Uchunguzi rasmi wa 2021 ulieleza kuwa ubaguzi ulichangia kifo chake.

Basi nasi tunaozuru wagonjwa tusiulize tu dawa gani wamepewa. Tuulize pia: mmesikilizwa?