Kitanda Si Dawa

Ndugu msikilizaji, mgonjwa akishaambiwa kwamba ana saratani na kwamba atapasuliwa baada ya wiki nne, jamaa zake hufanya nini? Humtandikia kitanda. Hanyanyui ndoo tena, sokoni haendi, hata chai huletewa pale pale alipolala. "Pumzika, usijichoshe," huambiwa. Hiyo ni huruma, lakini historia ya tiba inatuonyesha kwamba huruma ya namna hii humdhoofisha yule tunayempenda.

Tusijilaumu sana, maana hata madaktari wakubwa waliamini hivyo. Mwaka 1863, John Hilton, mpasuaji wa London, alichapisha mihadhara yake kuhusu pumziko kama tiba, na kitabu chake kiliheshimiwa kwa miaka mingi. Zama hizo aliyepasuliwa tumbo aliweza kulazwa wiki mbili au tatu bila kukanyaga chini. Mwaka 1899, Emil Ries wa Chicago aliandika kwamba yeye aliwaamsha wagonjwa wake baada ya muda mfupi tu, nao wakapona vizuri. Wengi hawakumsikiliza. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, hospitali zikapungukiwa vitanda na wauguzi, ndipo madaktari wengi zaidi wakajaribu njia hiyo na kuona faida yake.

Sababu ni nini? Katika miaka ya 1930, David Cuthbertson wa Glasgow, Uskoti, alipima mkojo wa watu waliovunjika miguu. Aliona wakipoteza naitrojeni nyingi, dalili kwamba mwili uliojeruhiwa huvunja misuli yake wenyewe. Kisu cha mpasuaji nacho ni jeraha. Misuli ni akiba ambayo mwili huichota ili kuponya kidonda na kupambana na vijidudu, na mara nyingi saratani huwa imekwisha kuanza kuila akiba hiyo.

Kitanda nacho huila. Mwaka 1966, mjini Dallas, Marekani, vijana watano walikubali kulala kitandani wiki tatu ili wapimwe. Walipopimwa tena mwaka 1996, ilionekana kwamba zile wiki tatu zilikuwa zimewapunguzia uwezo wa mwili kufanya kazi kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Basi swali likawa: kwa nini tungoje hadi baada ya kisu? Mwaka 2014, watafiti wa Montreal, Kanada, walitoa habari za wagonjwa 77 wa saratani ya utumbo mpana. Wote walipewa mazoezi, ushauri wa chakula chenye protini na mbinu za kutuliza wasiwasi, ila wengine walianza kabla ya upasuaji na wengine baada yake. Wiki nane baada ya kupasuliwa, walioanza mapema waliorudia nguvu zao za kutembea walikuwa 84 katika kila 100. Wenzao walikuwa 62. Mwaka 2023 ukatolewa utafiti mwingine wa wagonjwa 251 wa saratani hiyo. Matatizo makubwa yaliwapata 17 katika kila 100 waliotayarishwa, na 30 katika kila 100 wasiotayarishwa.

Tuelewane. Mazoezi hayaondoi saratani, wala upasuaji usiahirishwe kwa ajili yake. Mwenye moyo dhaifu au upungufu wa damu asianze bila kumwuliza daktari wake. Lakini kwa wengi inawezekana, na gharama si kubwa: kutembea kila siku hadi pumzi ziende mbio kidogo, kuketi na kuinuka kitini mara kadhaa, na sahani yenye maharage, dagaa au mayai.

Kwa hiyo, jamaa, siku za kungoja zisipotee bure. Mshikeni mgonjwa wenu mkono mtembee naye, hata akinung'unika. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.