Saa ya Nahodha Fryatt

Raia akijitetea baharini wakati wa vita, je, bado ni raia? Swali hili nililiona jepesi kabla sijasoma habari za Charles Fryatt, nahodha wa Brussels, meli ya abiria ya kampuni moja ya reli ya Uingereza.

Kwanza tuangalie sheria. Kwa desturi ya zamani, meli ya biashara ya adui ilisimamishwa, ikapekuliwa, na haikuzamishwa kabla watu wake hawajawekwa salama. Katika Vita Kuu ya Kwanza nyambizi ilivuruga desturi hiyo. Ina ubavu mwembamba. Ikiibuka kupekua meli, mzinga mmoja mdogo waweza kuimaliza. Waingereza walizifunga mizinga meli zao nyingi za biashara, na waliiweka tezini, si omoni, ili ionekane ni silaha ya anayekimbia, si ya anayefukuza. Wajerumani hawakuikubali tofauti hiyo. Mwanzoni mwa 1916 walitangaza kwamba meli ya biashara yenye mzinga itahesabiwa kuwa manowari. Na tuseme kweli, baharia wa nyambizi angejuaje nia ya mzinga kabla haujamlenga?

Fryatt hakuwa na mzinga hata mmoja. Tarehe 28 Machi 1915, akielekea Uholanzi, nyambizi U-33 iliibuka ikamwamuru asimame. Mwezi uliotangulia serikali yake ilikuwa imewaagiza manahodha kuielekezea meli nyambizi ikiwatokea mbele kwa nia mbaya. Akafanya hivyo hivyo: akaamuru mwendo wa kasi, akaielekea moja kwa moja. U-33 ikazama haraka chini ya maji kujiokoa, na Brussels ikapita. Serikali ikamtunukia saa ya dhahabu iliyochorwa maneno ya kusifu kitendo chake.

Juni 1916 manowari za Wajerumani ziliizingira Brussels usiku na kuipeleka Zeebrugge. Tarehe 27 Julai Fryatt alishtakiwa mjini Bruges kwamba alijaribu kuiangamiza nyambizi ilhali si askari. Saa ile alikuwa nayo, na maandishi yake yakawa ushahidi dhidi yake. Akahukumiwa na kupigwa risasi jioni ya siku hiyo hiyo, akaacha mke na watoto saba.

Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya dhuluma. Haki ya meli ya biashara kukataa kutekwa ni ya zamani kuliko nyambizi, na kesi inayoanza na kumalizika kwa kifo siku moja haimpi mtu nafasi ya kujitetea. Hata hivyo siwezi kuwaachia Waingereza wote wabaki safi. Waliomwagiza walikaa ofisini London. Kama walitaka apigane, wangempa cheo cha askari, ili akikamatwa awe mateka wa vita. Walimpa saa.

Aprili 1919 tume ya Wajerumani iliipitia kesi hiyo, na wengi wa wajumbe wake wakasema hukumu haikuvunja sheria ya mataifa, wawili walipinga. Julai mwaka huo mwili wa Fryatt ulirudishwa kwao, ukasaliwa katika kanisa kuu la St Paul's, London, kisha ukazikwa Dovercourt, karibu na bandari ya Harwich alikozoea kung'oa nanga.