Malezi ya Mtoto wa Kihadzabe Porini

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ndivyo walivyosema wahenga wetu. Hata hivyo, methali hiyo haisemi mtoto alelewe wapi. Kwa wengi wetu, mahali pa malezi ni nyumbani na shuleni. Kwa Wahadzabe, wakaao kandokando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania, mahali hapo kwa vizazi vingi pamekuwa porini. Malezi hayo ni elimu kamili, nayo haitengani na ardhi inamofundishwa.

Wahadzabe ni watu wachache, wapatao 1,000 na ziada. Tangu kale wameishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Mtoto wao wa kiume hupewa upinde mdogo angali na umri wa miaka mitatu hivi, akaanza kulenga shabaha. Mtoto wa kike huzoea mapema fimbo iliyochongwa ncha, ambayo ndiyo chombo cha kuchimbia mizizi. Wakubwa waendapo kutafuta chakula, watoto hubaki makundi kwa makundi, wakubwa kwa wadogo, na wale waliotangulia kuzaliwa huwatunza wadogo zao. Huchuma matunda, huponda mbegu za ubuyu kwa mawe, na huchimba mizizi isiyokwenda chini sana. Afikapo miaka kumi, mtoto huweza kujipatia mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake.

Mtazamaji mgeni angeweza kudhani kwamba watoto hao wanacheza tu, au kwamba wazazi wao hawawajali. Sivyo. Katika mchezo huo mtoto hujifunza kusoma nyayo, kuyatambua majani ya mmea wenye mzizi uliwao, na kumfuata yule ndege aongozaye watu kwenye mizinga ya nyuki. Baadaye, kijana atajifunza kupigilia vigingi katika shina la mbuyu ili aupande, na kuwafukiza nyuki kwa moshi. Mwalimu wake ni mwenziwe aliyemzidi umri kidogo, na mtihani wake ni njaa ya siku hiyo.

Isidhaniwe kuwa kila jamii ya wawindaji huwalea watoto wake namna moja. Katika miaka ya 1980, mtaalamu Nicholas Blurton Jones na wenzake waliwalinganisha watoto wa Kihadzabe na wale wa Wakung wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika. Waliona kwamba watoto wa Wakung hawakutafuta chakula sana. Kule nchi ni tambarare, maji ni haba, na mtoto hupotea upesi. Tena chakula kingi kiko mbali na kambi. Eyasi ina vilima na miamba ya kumwonyesha mtoto njia, na matunda yako karibu. Kwa hiyo kila jamii iliwapa watoto wake uhuru kwa kadiri ardhi ilivyoruhusu.

Historia yatuonyesha jinsi jambo hilo lilivyosahauliwa. Waingereza walijaribu kuwafanya Wahadzabe wakae mahali pamoja na kulima, wasifaulu. Baada ya Uhuru, mwaka 1964, serikali nayo ilianza kuwahamishia kwenye makazi ya kudumu huko Yaeda. Nia ilikuwa njema: kuwapatia shule, tiba na mashamba. Lakini magonjwa yaliwasibu walipokusanyika, na wengi wakarejea porini. Baadhi ya watoto waliopelekwa shule za bweni walitoroka. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alieleza katika Elimu ya Kujitegemea kwamba Waafrika walikuwa na elimu hata kabla ya kuwa na shule, kwani watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda. Maneno hayo yaliwahusu Wahadzabe kuliko watu wengi, ingawa ni wachache waliowakumbuka.

Leo hatari kubwa ni kupungua kwa pori lenyewe. Mashamba na malisho ya jirani yameingia katika nchi yao. Miti hukatwa, na wanyama huhama. Mwaka 2011 baadhi ya Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa eneo la hekta zipatazo 20,000. Hatua hiyo ililinda chakula chao, na pamoja nacho ikalinda darasa la watoto wao.

Wahadzabe wengi sasa huwapeleka watoto shuleni, nao wanayo haki ya kupata elimu hiyo kama raia wengine. Mwalimu ampokeaye mtoto wa namna hiyo afahamu kwamba hapokei mtoto asiyejua kitu. Amwulize majina ya miti iliyouzunguka uwanja wa shule, na awape wanafunzi wengine nafasi ya kumsikiliza.